Nifanyeje ili mwongozaji wa filamu asinipe majibu ya kukariri?

Mwandishi wa Ng'ambo (Unguja)

Assalaam aleikum ndugu zangu, na kwa walionizidi umri, shikamooni.

Ninaandika habari za sanaa katika gazeti dogo la mtandaoni hapa Unguja, na kwa muda wa miezi minane sasa nimekuwa nikitumwa kuwahoji waongozaji wa filamu. Mwezi uliopita nilipewa dakika 20 na mwongozaji ambaye kazi yake ninaipenda kwa dhati. Tulikaa barazani, nikawasha kinasa sauti, na nilipofika nyumbani nilikuta nina dakika 12 za maneno ambayo ningeweza kuyaandika bila hata kukutana naye. Nilimuuliza alianzaje kazi hii, akanijibu karibu neno kwa neno yale niliyokwisha kuyasoma kwingine. Nilimuuliza kuhusu changamoto, akasema ni fedha. Nilipomuuliza filamu yake ina ujumbe gani kwa jamii, alitazama saa. Nikaiangalia karatasi yangu, nikaona maswali saba yaliyobaki yote ni ya namna hiyohiyo, nikamshukuru na kuondoka.

Kinachoniuma ni kwamba nilikuwa na jambo nililotaka kulijua hasa. Katika filamu hiyo kuna sini (onyesho moja) ya jikoni ambamo mama amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, na mwanawe anamwambia kwamba anasafiri kesho. Kamera haimwonyeshi mtoto hata mara moja. Tunasikia sauti yake tu, huku tukitazama mikono ya mama ikiendelea kukuna mpaka inafika kwenye kifuu. Nilikaa na sini hiyo kichwani wiki nzima, lakini sikuiuliza kwa sababu niliona ni jambo dogo mno kwa mtu mkubwa kama yule.

Naomba wenye uzoefu mnielekeze jinsi mnavyojitayarisha, mnavyopanga maswali, na mnavyofanya pale mtu anapojibu kwa mkato. Je, inafaa kumpelekea maswali kabla? Wiki tatu zijazo nina nafasi nyingine, wakati wa Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar pale Ngome Kongwe.

Msikilizaji wa Kale (Mombasa)

Waaleikum salaam, mwanangu. Nimefanya vipindi vya redio kwa miaka 19, na jibu langu liko katika aya yako ya sini ya jikoni. Swali la mikono na kifuu ndilo lililokuwa mahojiano yako, na yale mengine yote ungeweza kuyaacha nyumbani.

Mwongozaji anayezunguka na filamu yake huulizwa alianzaje, anakumbana na changamoto gani na ana ujumbe gani, mara nyingi mno, hata majibu yake yamekuwa laini kama kizingiti cha mlango wa zamani. Si kwamba anakudharau. Swali la jumla halimpi kitu cha kukumbuka, na mtu asiye na cha kukumbuka hurudia alichokwisha kusema. Swali la sini moja humrudisha mahali fulani, siku fulani, akiwa amesimama nyuma ya kamera na jambo la kuamua.

Nitakupa mfano ninaoupenda kuliko yote. Mwaka 1962 François Truffaut, aliyekuwa kijana mwenye filamu chache tu, alisafiri kutoka Ufaransa hadi Marekani kumhoji mwongozaji mkongwe Alfred Hitchcock, akiwa na mkalimani wake Helen Scott. Walizungumza kwa siku kadhaa, wakipita filamu moja baada ya nyingine tangu zile za mwanzo, na kitabu cha mazungumzo hayo kilitoka mwaka 1966. Walipofika kwenye filamu ya *Suspicion*, wakazungumzia sini ambamo mwigizaji Cary Grant anapanda ngazi gizani na glasi ya maziwa ambayo huenda ina sumu. Hitchcock akasema aliweka taa kwenye maziwa. Truffaut angeweza kuitikia kwa kichwa na kusonga mbele. Badala yake alitaka kujua kama maana yake ni kwamba glasi ilimulikwa kwa taa, na ndipo Hitchcock alipoeleza kwamba sivyo, taa iliwekwa ndani ya glasi yenyewe, ili macho ya mtazamaji yasiondoke hapo. Jambo hilo linasimuliwa mpaka leo, na lilipatikana kwa sababu mhojaji alikubali kuonekana hajaelewa.

Kuhusu matayarisho, mimi huitazama filamu mara mbili. Mara ya kwanza sishiki kalamu, nakaa kama mtazamaji mwingine yeyote na kuiacha inifanye itakavyo. Mara ya pili naandika dakika na sekunde ya kila mahali nilipojiuliza kitu, kisha nasoma majina ya mwishoni hadi la mwisho, kwa maana hapo ndipo utajua nani alihariri, lokesheni zilikuwa wapi na fedha zilitoka nchi gani. Filamu ikiwa imetokana na kitabu, kitabu husomwa. Aliyemhoji Amil Shivji kuhusu *Vuta N'kuvute* ya mwaka 2021 bila kuisoma riwaya ya Adam Shafi hakuweza kumuuliza ni nini kiliachwa nje na kwa nini, na kwa filamu ya chini ya saa mbili iliyobeba riwaya nzima, hilo ni swali lenye utajiri mkubwa.

Maswali sipeleki kabla. Napeleka mada, kwa sentensi mbili au tatu, ili mtu ajue tunakwenda kuzungumzia nini. Ukimpelekea maswali yenyewe utapokea majibu yaliyoandikwa, hata kama atayatamka kwa mdomo.

Mkata Picha (Dar es Salaam)

Ninachangia kutoka upande wa pili, kwa kuwa kazi yangu ni uhariri wa filamu na nimekaa pembeni ya waongozaji wengi wakihojiwa. Nakubaliana na mzee wa Mombasa karibu katika yote, ila kuna jambo moja la kuongeza, na jingine tunatofautiana.

La kuongeza ni kuhusu fedha. Ndugu mwandishi, jibu la fedha lilikuwa mlango na wewe hukuingia. Kwetu sisi bajeti huamua sura ya filamu kuliko watu wanavyodhani. Muulize mlishuti kwa siku ngapi. Muulize ni sini ipi mliyoifuta asubuhi yake kwa sababu jenereta haikufika au mwenye nyumba alibadili mawazo, na nini kilichukua nafasi yake. Utaona mtu anakaa sawa kwenye kiti. Vilevile uliza kuhusu chumba cha uhariri, ambacho waandishi wengi hukisahau kabisa: ni sini ipi uliyoipenda ukaikata, na nani alikushawishi uikate? Sijawahi kumwona mwongozaji akijibu swali hilo kwa mkato.

Tunapotofautiana ni kwenye kupeleka maswali. Kama unahitaji miaka, majina ya watu au idadi ya siku, ni uungwana kumwarifu mapema, kwa sababu mtu akilazimishwa kukumbuka takwimu papo kwa papo atakisia, na wewe utachapisha makisio. Maswali ya namna ya kwa nini na ilikuwaje ndiyo ya kumkuta nayo.

Halafu kuna tabia ambayo naomba sana uiache, kama unayo: kuuliza maswali matatu kwa pumzi moja. Mhojiwa hujibu lile jepesi na mengine mawili hupotea. Uliza moja, kisha nyamaza. Akimaliza kusema, hesabu moyoni hadi tano kabla ya kufungua kinywa. Mara nyingi, ukifika tatu, ataendelea mwenyewe, na hicho atakachokiongeza ndicho ambacho hakukitayarisha.

Binti wa Kisauni (sasa Nairobi)

Shikamooni nyote. Mimi hunukuu na kutafsiri mahojiano, kwa hiyo nitagusa mambo ambayo nayasikia masikioni kila siku.

La kwanza ni lugha. Waongozaji wetu wengi wana majibu ya kukariri kwa Kiingereza, kwa sababu fomu za kuomba ufadhili na maelezo ya tamasha huandikwa kwa Kiingereza, na wao huyarudia hadi yanakaa mdomoni. Kwenye seti, hata hivyo, walikuwa wakizungumza Kiswahili na waigizaji wao. Waulize kwa Kiswahili, tena uwaulize ni maneno gani hasa waliyomwambia mwigizaji kabla ya kamera kuwashwa. Mtu akianza kukumbuka alichosema kwa lugha aliyokisemea, sauti yake yenyewe hubadilika, na mimi ninayesikiliza baadaye bila kumwona huitambua dakika hiyo. Unaponukuu, tafadhali usimsafishe. Akisema sini, shoti na lokesheni, ndivyo wasemavyo watu wa kazi hiyo. Usimvishe maneno ambayo hakuyatamka.

La pili ni sauti. Ngome Kongwe iko hatua chache kutoka Forodhani, na upepo wa baharini ukiingia kwenye maikrofoni isiyofunikwa hakuna programu itakayoutoa vizuri. Tafuta pembe yenye ukuta mnene, funika maikrofoni kwa sifongo, na ujue saa za adhana ili upange mapumziko badala ya kukatizwa. Tumia vyombo viwili vya kurekodi. Simu ikiwa mojawapo, iweke katika hali ya ndege, kwa maana niliwahi kupokea mahojiano ya saa nzima yaliyokatika dakika ya tisa kwa sababu mtu alimpigia simu mhojaji na yeye hakugundua kwamba kurekodi kumesimama. Mhojiwa hakukubali kurudia, na sikumlaumu.

La tatu ni la makubaliano. Kuna filamu ambazo zimepita kwenye matatizo na bodi za udhibiti. *Rafiki* ya Wanuri Kahiu ilipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 2018, na Mahakama Kuu ikaruhusu ionyeshwe kwa siku saba tu. Ukimhoji mtu aliyepitia jambo la aina hiyo, jua sheria inasemaje kabla hujafika, na mkubaliane mapema nini ni cha kuchapishwa na nini ni cha masikio yako pekee. Makubaliano yanayofanywa baada ya maneno kutoka huleta ugomvi.

Mwandishi wa Ng'ambo (Unguja)

Ndugu zangu, nimerudi baada ya wiki tatu na nusu. Niliyetarajia kumhoji hakuweza kusafiri, lakini yule mwongozaji wa mwanzo alikuwepo Ngome Kongwe, nikajipa moyo nikamwomba dakika 10. Karatasi yangu ilikuwa na swali moja tu, na chini yake dakika na sekunde ya sini ile.

Nilimuuliza kwa nini hatumwoni mtoto. Alicheka kwanza, kisha akanyamaza, na mimi nikahesabu kama nilivyofundishwa. Nilipofika nne akaniambia kwamba sini ile iliandikwa kwa nyuso mbili, lakini siku ya kushuti kijana aliyeigiza kama mtoto alikuwa kwenye mtihani shuleni, na jiko lile walikuwa wameazimwa kwa asubuhi moja. Wakashuti mikono ya mama wakikusudia kumpata kijana siku nyingine. Sauti yake ilirekodiwa baadaye, ndani ya gari. Kwenye uhariri ndipo walipoona kwamba uso wa kijana hauhitajiki. Nikamuuliza nazi zilikuwa ngapi. Kumi na moja, akasema, kwa sababu kila shoti ilitaka nazi mpya, na mchana wake kambi nzima ilikula wali wa nazi mpaka watu wakachoka. Tulizungumza dakika 35.

Nina swali la mwisho. Nilipokwisha kuzima kinasa sauti na tunapeana mikono, alisema kwamba mama yake mwenyewe alimuaga hivyohivyo, akikuna nazi bila kuinua macho, na akautaja mtaa. Je, naruhusiwa kuliandika hilo?

Msikilizaji wa Kale (Mombasa)

Kinasa kikishazimwa, mtu hudhani mazungumzo ya kazi yamekwisha, na ana haki ya kudhani hivyo. Mpigie simu, mrudie maneno yake kama alivyoyasema, bila kuyapamba, kisha umuulize. Usimtumie ujumbe. Akisita, liache.

Mwandishi wa Ng'ambo (Unguja)

Nimempigia leo baada ya alasiri. Amekubali, isipokuwa jina la mtaa.