Ukoo wa Wete: faili la karafuu la Sule

Jumamosi asubuhi

Mama Sule: Assalaam aleikum jamaa wote. Shikamooni wakubwa. Sule mguu haujaunga, daktari kasema akae nyumbani mpaka muhula umalizike. Mwalimu wake, Mungu ambariki, kaniletea mada zote. Namsomesha mwenyewe kila asubuhi, lakini nikimpa daftari anakopi tu. Ukimuuliza baadae hana kitu. Da Zuhura, wewe wanao unawasomesha mwenyewe huko Leicester. Unafanyaje?

Da Zuhura: Waalaykum salaam mpenzi. Allah amponye haraka. Huku sheria inamruhusu mzazi kumsomesha mwanawe nyumbani, kwa hivyo tumeshazoea. Mada kubwa kubwa hatuzifanyi kwenye daftari. Tunatengeneza lapubuku.

Rukia: Ndiyo nini hiyo da?

Da Zuhura: Faili la manila, lile la ofisini. Unalifungua, pande mbili unazikunja kuja kati mpaka zikutane, kama dirisha la milango miwili. Ndani mtoto anabandika vijitabu alivyovikunja mwenyewe, kila kimoja kinajibu suala moja. Akimaliza analiweka mapajani, anafungua kimoja kimoja, anakueleza. Wazazi wanaosomesha nyumbani Marekani wanalitumia sana. Na kuna mwalimu wa Texas, Dinah Zike, kafundisha walimu wenzake miaka na miaka kukunja karatasi za kusomea. Mada yenu ipi?

Mama Sule: Mazao ya biashara. Karafuu.

Da Zuhura: Alhamdulillahi, mada iko uwani! Basi usifungue intaneti kwanza. Muulize yeye anataka kujua nini. Yaandike masuala yake hivyo hivyo anavyoyasema.

Baada ya adhuhuri

Mama Sule: Haya kayatoa. Kwa nini zinaanikwa? Kwa nini wachumaji wanapimiwa kwa pishi na si kwa kilo? Nani kauleta mkarafuu wa kwanza? Kwa nini iwe Pemba zaidi kuliko Unguja? Makonyo, vile vijiti vinavyoshika karafuu, yanakwenda wapi?

Ami Hamad: Masuala mazuri. Lakini Mama Sule, huyo yuko darasa la tano. Kukata na kubandika ni kazi ya watoto wa nasari. Mpe kitabu asome, mitihani haimsubiri mtu.

Da Zuhura: Ami shikamoo. Kusoma ndiko huko. Kijitabu kina nafasi ya sentensi tatu nne, ukurasa mzima wa kukopi hauingii. Lazima asome, aelewe, achague lipi la kuandika na lipi la kuacha. Daftari halimlazimishi hivyo, Ami. Anaweza kulijaza lote na kichwa hakijagusa kitu.

Ami Hamad: Marahaba mwanangu. Nakusikiliza.

Da Zuhura: Mama Sule, anza na hiki cha karatasi moja. Chukua A4. Ikunje nusu, tena nusu, tena nusu, kila mkunjo upitishe ukucha. Ifungue yote: una vyumba 8. Sasa ikunje ncha fupi ikutane na ncha fupi. Kata kuanzia upande wa mkunjo, si upande wa wazi, fuata mstari wa kati mpaka ukutane na mkunjo mwengine, hapo simama. Fungua. Katikati pana mpasuko. Ikunje tena, safari hii kwa urefu, shika mwisho huku na huku, sukuma kuja kati. Mpasuko unafunguka, karatasi inakaa kama alama ya kujumlisha. Zilaze kurasa upande mmoja, kitabu tayari. Kurasa 8 pamoja na jalada, hakitaki gundi wala stepla.

Rukia: Anaandika kabla ya kukunja au baada?

Da Zuhura: Baada. Kwanza aweke nambari za kurasa kwa penseli. Ukiifungua tena utaona kurasa nne ziko juu chini, kwa hivyo anayeandika kabla ya kukunja hupotea. Kila ukurasa ni kama sentimita 7 kwa 10, penseli iwe na ncha.

Rukia: Nimepata kurasa nzuri mno za kuprinti, zina mipaka ya maua na picha za karafuu. Niwatumie?

Da Zuhura: Rukia mdogo wangu, kwa mapenzi yako ahsante, lakini usitume. Nimeziona sana hizo. Mtoto anapaka rangi picha ya mwengine, anajaza neno moja pale palipoachwa wazi, faili linapendeza na yeye hana alilolibeba. Sule achore mkarafuu anaouona dirishani hapo, hata ukienda upande.

Mama Sule: Kitabu cha kwanza huku kishakunjika, mashaallah. Jaladani kaandika "Karafuu ni tunda la Pemba."

Bibi (anaandika Rukia): Mwambieni mjukuu wangu karafuu si tunda. Ni tumba, ua halijafunguka. Ukiliacha likafunguka ushachelewa, thamani imekwenda. Ndiyo maana watu hawalali msimu ukiingia. Akamtazame mamake akichambua, tumba huku, konyo huku, ndipo aandike.

Mama Sule: Kafuta, Bibi. Sasa anataka kuchora tumba likiwa kijani, likianza wekundu, likikauka.

Da Zuhura: Hiyo itoe kwa karatasi ya kukunja mbele nyuma, mbele nyuma. Kata ukanda mrefu, kila kunjo hatua moja: tumba changa, kuchuma, kuchambua, kuanika, gunia. Akiuvuta anaona kazi yote kwa mpango wake. Suala la pishi mpe karatasi ya vifuniko: ikunje, kipande cha juu kikate mara tatu mpaka kwenye mkunjo. Juu suala, chini jawabu. Pishi moja ina vibaba vingapi? Afunue.

Bibi (anaandika Rukia): Vinne. Na mchumaji anapimiwa pishi kwa sababu kipimo chake anakiona kwa macho, hakuna wa kumdanganya.

Ami Hamad: La Pemba na Unguja nitalijibu mimi, mwandikieni vizuri. Mkarafuu asili yake visiwa vya Maluku, Indonesia. Huku umeingia karne ya 19, na Sayyid Said ndiye aliyewahimiza watu waupande kwa wingi. Unguja ndiyo iliyotangulia. Mwaka 1872 ikapiga tufani, ikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikasalimika zaidi. Tokea hapo uzito ukahamia kwetu.

Mama Sule: Ami, kaisikia na kaja na suala jengine. Kwa nini wa Unguja hawakupanda tena?

Ami Hamad: Walipanda. Lakini mkarafuu hauzai kesho, unangojwa miaka. Na Pemba wakati huo inazaa.

Da Zuhura: Mnaona? Suala hilo lipewe kijitabu chake. Ami, hilo halikuwa kwenye mada ya mwalimu.

Mama Sule: Gundi tumeishiwa. Nikoroge uji wa ngano?

Bibi (anaandika Rukia): Usithubutu. Kombamwiko watakula faili zima kabla ya Ijumaa.

Da Zuhura: Bibi kasema kweli. Na gundi ya maji inakunjanisha karatasi. Tafuta ile ya kijiti. Faili likikosekana, boksi la biskuti linafaa.

Mama Sule: Na Mwanaidi, mdogo wake? Ana miaka sita, analia naye anataka.

Da Zuhura: Mpe karatasi moja yenye kifuniko kimoja. Nje achore konyo, ndani achore kinachotoka humo. Makonyo yanakwenda kiwandani Wawi, yanapigwa mvuke yatoe mafuta. Akiweza kukuambia hilo kwa mdomo, inatosha.

Ami Hamad: Mama Sule, la kuanika msilijibu kwa maneno. Karafuu ikikauka inapoteza karibu theluthi mbili ya uzito, lakini asiandike kwa sababu nimesema mimi. Apime mwenyewe. Nakuja kesho na mizani yangu ya dukani. Niwekeeni kilo moja mbichi, iliyokwisha kuchambuliwa, msiianike mpaka nifike.

Mama Sule: InshaAllah Ami. Ukanda wa kuandikia vipimo vya kila siku anaukunja sasa hivi.