Baiskeli ya Babu isiuzwe kwa kilo

*Kikundi: FAMILIA YA MIKINDANI*

Zuhura: Asalamu aleikum. Shikamooni wakubwa. Tunasafisha stoo ya Bibi, tumeitoa ile baiskeli ya Babu ya resi. Kijana wa vyuma chakavu yuko hapa nje na mizani yake, anatoa elfu 12. Nimpe?

Mjomba Saidi (Lindi): Waaleikum salaam, marahaba. Usimpe! Mwambie apite siku nyingine. Ile si ya kupimwa kwa kilo.

Mwanahawa: Mjomba, shikamoo. Mbona imejaa kutu, na tairi zimeoza? Na kwa mchanga wetu huu nani atapanda baiskeli ya tairi nyembamba? Haibebi hata gunia la korosho.

Mjomba Saidi (Lindi): Marahaba mwanangu. Kweli haibebi gunia, ndiyo maana bei yake haipo hapo mtaani. Tujue kwanza ni baiskeli gani, bei itafuata. Zuhura, nipigie picha kifuani, pale chini ya usukani. Halafu ubavuni karibu na siti kama kuna stika. Usisugue na msasa wala mafuta ya taa, stika ikitoka basi tena. Kitambaa laini, maji na sabuni kidogo.

Zuhura: [picha] [picha] Kifuani kuna kibati chenye kichwa cha ndege mwenye mdomo mrefu. Stika imefifia, naona 531 tu na neno Reynolds.

Mjomba Saidi (Lindi): Alhamdulillahi. Huyo ndege ni korongo wa Raleigh, kiwanda cha Nottingham, Uingereza. Raleigh zilijaa sana kusini huku, ila zile nyeusi nzito za mizigo. Hii ni nyingine. Reynolds 531 ni chuma cha mabomba ya fremu, kilianza kutoka mwaka 1935, ni chepesi na kigumu. Mafundi wa Ulaya walijivunia kukichomelea.

Shaibu (Dar): Kwa hiyo tumepata! Mtandaoni nimeona Raleigh za 531 wanataka hela ndefu.

Mjomba Saidi (Lindi): Taratibu baba. Stika zinauzwa dukani, mtu anaweza kubandika 531 kwenye bomba la maji. Halafu kuna fremu zenye mabomba matatu tu ya 531, yaliyobaki ni chuma cha kawaida. Maneno ya chini ya stika ndiyo yangesema, nayo yamefutika. Zuhura, legeza nati ya siti uivute siti yote nje. Bomba lake limeandikwa namba.

Zuhura: Haitoki. Imeng'ang'ania.

Mjomba Saidi (Lindi): Hewa ya chumvi ya Mikindani hiyo, aluminiamu inashikana na chuma. Mimina oili pembeni mwa bomba, iache mpaka kesho. Nyundo usiiguse. Wakati huo igeuze, magurudumu juu, usome namba iliyogongwa chini pale ekseli ya pedali inapopita. Usiitume namba nzima, nitajie mwanzo wake tu.

Zuhura: Inaanza N, halafu herufi nyingine, halafu 2.

Mjomba Saidi (Lindi): N ni Nottingham. Ile 2 ni tarakimu ya mwisho ya mwaka, kwa hiyo 1972 au 1982. Lakini mtindo huo wa namba ulianza kama 1973, kwa hiyo nainamia 1982. Tuthibitishe kwenye gia. Gia ya nyuma imeandikwa Shimano, ile kampuni ya Kijapani ya vipuri? Tazama upande wake wa ndani, utaona herufi mbili ndogo.

Zuhura: Shimano 600. Kwa ndani nimeona GD, nimetumia tochi ya simu.

Mjomba Saidi (Lindi): Shimano walihesabu miaka kwa herufi: A ni 1976, B 1977, ukifika G ni 1982. Ya pili ni mwezi, D ni Aprili. Gia hubadilishwa, kwa hiyo tazama na mgongo wa mkono wa pedali.

Zuhura: GC.

Mjomba Saidi (Lindi): Machi 1982. Fremu, gia na pedali zinasema lugha moja. Hapo nina imani.

Mama Mdogo Asha: Ni kweli. Babu aliachiwa na mwalimu mmoja wa Kizungu wa Masasi alipomaliza mkataba, mimi nikiwa darasa la nne. Waliandikishana. Karatasi iko kwenye sanduku la Bibi la vyeti.

Mjomba Saidi (Lindi): Itafute Asha, tafadhali. Mnunuzi makini ataiuliza.

*Kesho yake*

Zuhura: Shikamooni. Siti imetoka! Bomba limeandikwa 27.2.

Mjomba Saidi (Lindi): Marahaba. Hizo ni milimita, kipimo cha fremu yenye mabomba ya kuta nyembamba, kinakubaliana na stika ya 531. Sasa pitisha kidole chini ya bomba la juu na la chini, pale yanapokutana na kifua. Unasikia mkunjo au rangi iliyopasuka?

Zuhura: Pako laini. Kutu ni ya juu juu. Ila gurudumu la nyuma silielewi. Lina meno ya duara moja tu, na kwenye ekseli wamejaza washa pande zote mbili. Mpira wa breki wa nyuma umepandishwa mpaka mwisho, wa mbele uko katikati.

Mjomba Saidi (Lindi): Umeona vizuri sana. Hilo ni gurudumu la inchi 28, la baiskeli ya mizigo. Rimu yake ni milimita 635, ya mbele ya asili ni 27, yaani 630. Fundi alitafuta kinachopatikana, Babu akaendelea kupanda. Lakini kwa mnunuzi hiyo ni pengo: atatafuta gurudumu, friweli (yale meno ya gia ya nyuma), na tairi za 27 ambazo ni adimu.

Shaibu (Dar): Huku kuna waendesha baiskeli wa wikiendi, mmoja anatafuta fremu ya zamani. Tuanze na milioni?

Mjomba Saidi (Lindi): Bei uliyoona mtandaoni ni ya kuomba, tazama zilizokwisha kuuzwa. Tena zile zina magurudumu yake na rangi yake. Hii tuiite fremu nzuri na seti ya Shimano 600 isiyotimia. Toa na nauli ya mzigo wa basi mpaka Dar. Mimi naona tuanze 450,000, tusishuke chini ya 350,000. Na pengo la nyuma tuliandike wazi na picha yake.

Mwanahawa: Tukiipiga rangi kwanza je? Nyekundu ingependeza.

Mjomba Saidi (Lindi): La hasha. Rangi ya kiwandani hata ikikwaruzika ina thamani, mpya ya kopo inaishusha. Tena tusiifumue kuuza kipande kipande mpaka Bibi aseme.

Zuhura: Nimemsomea Bibi yote. Anasema iuzwe nzima, kwa mtu atakayeipanda, hela ziezeke jiko kabla ya mvua za Desemba. Na kengele anabaki nayo.

Mama Mdogo Asha: Karatasi nimeipata, ina sahihi zote mbili. [picha]

Mjomba Saidi (Lindi): Kengele si ya kiwandani, abaki nayo kwa moyo mweupe. Asha, hiyo picha ifute hapa, ina majina. Shaibu, mtumie mtu wako picha za gurudumu la nyuma kwanza, kabla ya zile za kupendeza.

Shaibu (Dar): Sawa mjomba. Zuhura, naomba na ya upande wa cheni, ukiiegemeza ukutani kwenye mwanga wa asubuhi.