Mjadala: Je, kusukuma majitaka ardhini huleta matetemeko?

Bomba: Hoja hii inakuzwa mno. Marekani ina makumi ya maelfu ya visima vya kutupia maji yanayotoka na mafuta, na vingi havijawahi kutikisa hata kikombe. Tetemeko likitokea jirani na kisima, huo si ushahidi.

Mwamba: Ujirani peke yake hautoshi, kweli. Ila kule Rangely, Colorado, tangu 1969 watafiti walijaribu kwa makusudi kusukuma maji kwenye eneo la visima vya mafuta na kuyavuta tena. Shinikizo la maji ndani ya mwamba lilipopita takriban bar 257 (bar moja ni karibu sawa na shinikizo la hewa usawa wa bahari), matetemeko yaliongezeka. Maji yalipovutwa, yalipungua. Sadfa haitii pampu namna hiyo.

Ufa wa zamani hautelezi kwa sababu umebanwa, na msuguano unaushikilia. Maji yakijaa kwenye vitundu vya mwamba, mbano unalegea. Nguvu ya kutetemesha ilikuwamo tangu hapo.

Bomba: Basi mbona karibu na Denver, kwenye kisima cha jeshi cha kutupia majitaka ya kemikali, pampu ilizimwa Februari 1966, na tetemeko kubwa likaja Agosti 1967?

Mwamba: Kuzima pampu hakufuti shinikizo. Pale kisimani linashuka, huku likiendelea kusambaa hadi kwenye nyufa za mbali. Na kisima kile kilishuka mita 3,671, hadi ndani ya mwamba wa msingi, yaani mwamba mgumu wa kale ulio chini ya matabaka mengine, wenye nyufa.

Kipimo: Oklahoma nako geji inaweza kuwadanganya wamiliki wa visima. Tabaka la Arbuckle, yaani miamba ya chini kabisa inayotupiwa maji huko, hunywa maji hata bila pampu, basi geji ya juu husoma karibu na sifuri, kumbe tabaka limelalia mwamba wa msingi. Matetemeko ya ukubwa wa 3 na zaidi, yaliyokuwa mawili hivi kwa mwaka kabla ya 2009, yalikaribia 900 mwaka 2015. Mwaka uliofuata mji wa Pawnee ukapigwa na la 5.8. (Wanaolaumu upasuaji wa miamba, yaani kuipasua kwa maji ya shinikizo ili itoe mafuta, wakumbuke: sehemu kubwa ya maji yanayotupwa ni ya chumvi, ya tangu kale, yaliyopanda pamoja na mafuta.)

Kisima kikigusa mwamba wa msingi, sehemu ya chini izibwe kwa saruji. Shinikizo lipimwe chini kabisa, si juu, na vipima-tetemeko vifungwe kabla ya tone la kwanza, la sivyo hutajua hali ya awali.

Bomba: Saruji sina ubishi nayo. Ninachokataa ni kanuni ya kusubiri tetemeko la ukubwa fulani ndipo kisima kifungwe. Kama shinikizo huchelewa kufika, mmeshachelewa. Wekeni kikomo cha mita za ujazo kwa tabaka zima.

Kipimo: Sawa, lakini visima ishirini vya kampuni tofauti vikimimina tabaka moja, nani aanze kupunguza?