Chai ekari moja, kilo zinashuka kila mwaka: nianzie wapi?

Mkulima, Kericho:
Wadau, mbolea ya NPK 26:5:5 naweka kila mwaka lakini mavuno yanazidi kupungua. Niangalie nini kwanza?

Jibu 1:
Hesabu mashina kabla ya kulaumu mbolea. Kwa nafasi ya futi 4 kwa 2.5, ekari hubeba mashina 4,300 hivi. Pengo (mahali shina lilipokufa) halichumwi, na magugu huanzia humo. Jaza mapengo baada ya kupogoa, mvua zikianza. Mche ukiwekwa chini ya mashina marefu hukosa jua na kufa. Mbolea ni mfuko wa kilo 50 kwa mashina 700, udongo ukiwa na unyevu.

Jibu 2:
Ndugu, ulipogoa lini? Ikipita miaka minne meza (sehemu ya juu ya mashina inayochumwa) hupanda, machipukizi mengi hulala bila kukua, na mchumaji hafiki katikati. Kata sentimita 5 juu ya mkato wa mwisho, lakini si wakati wa kiangazi kikali. Matawi yaache yaozee palepale. Ukiyafanya kuni, umetoa potasiamu (kirutubisho cha mmea) shambani, na hilo wengi hawalitilii maanani. Machipukizi mapya yasichumwe mapema: yasawazishe yakifika sentimita 10 juu ya mkato.

Jibu 3:
Na mzunguko wa kuchuma je? Mvua zikiwa nzuri, siku 7 hadi 10. Ukichelewa jani hukomaa na kukataliwa kwenye kituo cha kununulia chai. Kinachotakiwa ni majani mawili na chipukizi. Jivu la jikoni usimwage shambani kabisa: hupunguza asidi ya udongo, na chai hutaka udongo wenye asidi, pH (kipimo cha asidi) 4.5 hadi 5.6.