Inakera sana: Nani kasema kula Wetherspoon, Greggs au Harvester hapa Uingereza ni aibu?

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa zangu shikamooni.

Naandika nikiwa na hasira na sitajifanya mpole. Nimechoka na dharau iliyopo hapa Uingereza dhidi ya watu wanaokula kwenye migahawa ya bei nafuu, ile yenye matawi kila mji. Kinachonichoma zaidi ni kwamba Waswahili wenzangu tulioko huku tumeibeba dharau hiyo nzima nzima, na sasa tunatupiana wenyewe kwa wenyewe.

Kwa ambao hamjafika huku, niwaeleze. Wetherspoon ni baa na mgahawa kwa pamoja, ina matawi karibu 800, wenyeji wanaiita Spoons. Greggs ni duka la mikate na soseji roli, asili yake Newcastle, leo lina maduka zaidi ya 2,500. Harvester, Toby Carvery na Beefeater ni za kukaa na familia: nyama ya kuokwa, kuku, viazi, mboga, na watoto wana menyu yao. Nando's ni kuku wa pilipili, ilizaliwa Johannesburg 1987 ikaingia London 1992. Sisemi humo kuna chakula bora kuliko vyote. Nasema bei unaiona kabla hujakaa, huhitaji kuweka nafasi wiki mbili kabla, hakuna anayekutazama viatu, mtoto akimwaga juisi hakuna anayenuna, na ukishamaliza kula hakuna anayekuja kukuharakisha utoke.

Kima cha chini cha mshahara kuanzia Aprili 2025 kilikuwa pauni 12.21 kwa saa. Pigeni hesabu wenyewe. Baba, mama na watoto wawili wakiingia mgahawa wa kawaida katikati ya London, wakaagiza chakula, kinywaji na kitu kitamu, ujira wa siku nzima wa mmoja wao unaweza kuishia pale mezani. Sasa huyo mzazi akiamua kwenda mahali ambapo atalipa nusu yake, kosa lake ni lipi?

Lakini sema mbele ya Waingereza wa tabaka la kati kwamba jioni utakuwa Spoons, halafu angalia nyuso. Hawatakutukana. Mwingereza wa namna hiyo hakuiti maskini. Atakuuliza kama zulia la pale bado linanata. Atakwambia na yeye huwa anapita "mara moja moja", ili ujue kwamba yeye ana hiari na wewe huna. Atakupendekezea kasehemu fulani kazuri, ka mtu binafsi, hakana hata kibao nje. Ukienda ukakuta sahani moja ni pauni 28, umeshaelewa ulichokuwa unaambiwa.

Wakibanwa wanasema wanapinga migahawa ya makampuni makubwa kwa sababu inaua biashara ndogo za mtaani. Hoja hiyo peke yake ina ukweli ndani yake, na ningeiheshimu kama wangeishika popote waendapo. Hawaishiki. Pret A Manger, wauza kahawa na sandwichi, ni kampuni yenye mamia ya matawi, na hakuna anayeona haya kutoka Pret na kikombe mkononi. Wagamama, mgahawa wa tambi za Kijapani, ni matawi. Gail's, duka la mikate ya bei ya juu, ni matawi, zaidi ya 100, na hiyo Gail's imegeuka alama ya mtaa wenye hela, kiasi kwamba kwenye uchaguzi wa 2024 iliandikwa kuwa chama cha Liberal Democrats kilikuwa kinaangalia palipo na Gail's ili kijue wapi pa kutafuta kura. Wakazi wa Walthamstow, mtaa wa London, walisaini kuipinga isifunguliwe kwao, sawa, hao angalau walikuwa na msimamo. Wengine wote wanapanga foleni Gail's Jumamosi asubuhi, halafu wanashangaa mtu anakulaje Greggs. Zote ni kampuni, zote zinauza mikate, zote zina jikoni kubwa zinakotengenezea mbali na duka. Kilichobaki ni aina ya watu waliosimama kwenye foleni.

Mnakumbuka mahojiano ya Andrew, mtoto wa Malkia Elizabeth, na BBC mwaka 2019? Aliulizwa kuhusu tuhuma nzito ambazo alizikana. Kesi yenyewe siigusi hapa. Naigusa sababu aliyotoa ya kuikumbuka ile siku: kwamba alimpeleka binti yake kwenye sherehe Pizza Express ya Woking, na kwenda Pizza Express ya Woking ni jambo lisilo la kawaida kabisa kwake. Yaani mahali ambapo mamilioni ya familia hupeleka watoto siku ya kuzaliwa, kwake ni tukio la kukumbukwa miaka 18. Na Pizza Express hata siyo ya bei ya chini. Wapo wengi huku wanaoihesabu kuwa ndiyo kujipongeza.

Halafu kuna ile ya Machi 2012. Waziri wa fedha George Osborne alitaka kutoza VAT ya asilimia 20 kwenye pasty (andazi la kuokwa lenye nyama na viazi ndani) na soseji roli zinazouzwa zikiwa za moto, chakula cha fundi ujenzi na dereva wa gari la mizigo. Akaulizwa kwenye kamati ya Bunge ni lini mara ya mwisho alinunua pasty Greggs. Hakukumbuka. Waziri mkuu David Cameron akaja kusema yeye anazipenda, alikula moja stesheni ya Leeds. Waandishi wakaenda kuangalia, wakakuta duka la kampuni aliyoitaja lilishafungwa pale stesheni. Ed Miliband na Ed Balls wa Labour, chama cha upinzani wakati huo, nao wakatimua mbio hadi Greggs ya Redditch kununua soseji roli mbele ya kamera. Mwezi Mei serikali ikarudi nyuma. Mimi kilichonikera siyo kodi tu. Viongozi wa nchi, wa pande zote mbili, walilazimika kuigiza kula kitu ambacho raia wao wanakula kila asubuhi bila kuangaliwa na mtu.

Na dharau hii ina umri. Mwaka 1894 kampuni ya J. Lyons ilifungua duka lake la kwanza la chai pale Piccadilly. Kabla ya hapo karani wa mshahara mdogo, au mwanamke aliye peke yake, hakuwa na sehemu nyingi katikati ya London za kukaa akala kwa heshima na kwa bei anayoiweza. Hao hao Lyons ndio walileta baga za Wimpy mwaka 1954. Mwaka huo huo mgao wa nyama uliokuwepo tangu wakati wa vita ukaisha, na muda mfupi baadaye Frank na Aldo Berni, ndugu wawili wenye asili ya Italia, wakaanzisha Berni Inn kule Bristol. Steki, chipsi, njegere, bei moja unayoijua toka mlangoni. Wafanyakazi wa viwandani ambao wazazi wao hawakuwahi kuhudumiwa mezani na mtu yeyote wakavaa nguo zao za Jumamosi wakaenda kula steki. Malipo yao yakawa kuchekwa. Kamba wa sosi ya pinki na keki ya Black Forest vikafanywa alama ya ushamba, na vichekesho hivyo viliendelea miaka na miaka. Hebu fikirieni: mtu ametoka kwenye miaka 14 ya kupimiwa nyama kwa kuponi, anakula steki na mkewe kwa mara ya kwanza, na mwenzake anamcheka kwa alichoagiza kuanzia.

Sasa nije kwetu, maana huko ndiko kulikonifanya nifungue uzi.

Kuna mama yetu mmoja hapa mjini kwetu, ameishi huku muda mrefu akifanya usafi hospitali, anastaafu anarudi Tanga. Ni mtu aliyepokea wengi wetu tulipofika na begi moja. Tukaanza kupanga kumuaga kwenye kundi la WhatsApp. Yeye mwenyewe akapendekeza moja ya migahawa ya aina hii ninayoisema, kwa sababu kuna maegesho, kuna nafasi ya watoto, na kila mtu ataweza kulipa cha kwake. Kijana mmoja mwenye kazi nzuri ya benki akaandika: "Mama huko si wanakula watu wa benefiti?" Yaani wanaoishi kwa posho ya serikali. Zikafuata alama za kucheka. Watu wazima, wenye watoto, wanacheka. Dada mwingine akaongeza kwamba picha zitaenda mtandaoni, tusiwaaibishe walioko nyumbani wakadhani huku tunaishi vibaya.

Ikachaguliwa sehemu "ya heshima". Bili ikagawanywa sawasawa kwa vichwa, aliyekunywa mvinyo na aliyekunywa maji wote kiasi kimoja. Wale wanaofanya kazi kwenye nyumba za wazee, ambao ndio waliokaa na mama yule miaka yote, wengi hawakutokea. Mmoja aliniambia waziwazi kwamba hela ile ni ya umeme wa mwezi. Mama alitazama viti vitupu akasema, "Wanangu mngenisikiliza." Basi. Hakusema lingine.

Yule kijana wa benki kakulia Temeke. Kala kwa mama ntilie, kakaa kwenye benchi, na ugali wa pale ndio uliomfikisha chuo. Leo anamuona mzee wa Kiingereza anayekula peke yake Spoons saa nne asubuhi kuwa ni uchafu.

Wale mnaocheka, mmewahi kuingia pale saa mbili asubuhi mkaona nani amekaa? Wapo wanaotoka shifti ya usiku. Wauguzi, walinzi, madereva wa basi, wasaidizi wa wazee, sare bado mwilini, wanapata mayai, soseji na maharage kabla ya kwenda kulala. Kahawa unajaza tena bila kulipa upya. Wapo wastaafu wanaokaa na kikombe kimoja mpaka mchana kwa sababu pale kuna joto na kuna mtu wa kusalimiana naye. Baridi ya mwaka 2022, serikali ilipoweka kikomo cha bili ya nishati kwamba nyumba ya kawaida italipa pauni 2,500 kwa mwaka, na hicho ndicho kilichoitwa msaada, watu walikuwa wanatafuta joto maktaba, makanisani, misikitini, na kwenye baa hizo hizo.

Na ndugu zangu wa Mombasa, Unguja na Pemba mlioko huku mnajua jambo lingine. Baadhi ya matawi ya Nando's yanatumia kuku wa halali. Kwa familia ya Kiislamu yenye watoto waliozaliwa huku, hiyo ndiyo sehemu ambapo mtoto anaweza kwenda na wenzake wa darasani bila kubaki anakunywa soda peke yake. Halafu mtu anakuja kukwambia Nando's ni ya watoto wa mitaani.

Najua mtakachonijibu. Tim Martin wa Wetherspoon aliipigia debe Brexit, Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, 2016 mpaka akachapisha vikaratasi vya kuwekea glasi vyenye kampeni yake. Kweli, na kama unamsusia kwa hilo nakuelewa, ni msimamo. Mtasema wafanyakazi wanalipwa kidogo. Kweli kabisa, na waliogoma McDonald's ya Cambridge na Crayford 2017, na wa Wetherspoon kule Brighton 2018, nawaunga mkono kwa moyo wote. Mtasema chumvi na mafuta. Sawa. Hayo yote ni madai dhidi ya mwenye kampuni. Hakuna hata moja linalokupa ruhusa ya kumcheka mteja aliyekaa na wanawe. Na wengi wenu hamkuwepo kwenye mgomo wowote.

Aprili 2024 Whitbread, wenye Beefeater na Brewers Fayre, walitangaza kuondoa migahawa zaidi ya 200, mingine kuuzwa, mingine kugeuzwa vyumba vya hoteli, na ajira zipatazo 1,500 kupotea. Humo wamo Waafrika wenzetu wa jikoni na wa kuhudumia meza. Katika lile kundi letu sikuona mtu hata mmoja akiandika neno la pole.

Ombi langu kwa viongozi wa vyama vyetu vya Watanzania, Wakenya na Wakongomani huku: kabla ya kuchagua mahali pa kuaga mtu, kupongeza mtoto au kukutana Idi na Krismasi, andikeni kwanza kwenye kundi bei ya sahani moja. Waulizeni kwa siri wenye kipato cha chini kama wataiweza. Kila mtu alipe alichokula. Na anayeandika "watu wa benefiti" kwenye kundi atolewe humo siku hiyo hiyo, hata kama ndiye mchangiaji mkubwa.

Anayebisha aje na hoja. Nipo hapa.