Ushauri: buli la Yixing, gaiwani, vikombe vya kauri. Ni majivuno ya wanywa chai au chai inabadilika kweli?

MajaniMabichi (mwanzisha uzi)

Wakuu, naomba ushauri kwa wanaoijua chai kwa undani.

Chai ninayotumia ni ya majani mazima yaliyosokotwa, wanaiita othodoksi, siyo punje za CTC (majani yaliyosagwa na kukatwakatwa kwa mashine) tulizozoea kupikia na maziwa. Aina ni tatu: nyeusi, ya kijani na ya zambarau, zote za Kenya. Vyombo vilivyopo: sufuria ya alumini, kikombe cha bati, kichujio cha kijiduara kile cha kufunga, na buli la chuma la Kijapani.

Kila nikiuliza namna ya kuitengeneza naambiwa nitupe vyombo vyote kwanza. Mmoja anasema bila buli la udongo wa Yixing ninapoteza majani. Mwingine anasema chai ya glasi ni ushamba. Sasa naomba kujua:

1. Chombo kinabadilisha ladha, au ni watu kujimwambafai tu?
2. Bajeti ni 70,000 za Tanzania. Nianze na kipi?
3. Chai ya zambarau inatoka rangi ya kijivu. Kosa ni la chombo au la maji? Niko Dar, maji ni ya kisima.
4. Kwenye buli la chuma chai inakuwa nyeusi ti na ladha ya msumari. Kwa nini?

PF1

Mkuu, chombo kinabadilisha chai. Bei ya chombo ndiyo haibadilishi kitu, na hapo ndipo watu wanapochanganya.

Waangalie waonjaji wanaofanya kazi ya mnada wa chai Mombasa, watu ambao ulimi wao unaamua kilo iuzwe bei gani. Mbele yao kuna kikombe cheupe cha kauri chenye kifuniko na meno mdomoni ya kuzuia majani, bakuli jeupe la kumiminia, mizani na saa. Kipimo cha kimataifa cha kuonjea chai, ISO 3103 kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1980, kinasema hivyohivyo: kauri nyeupe au udongo uliopakwa kioo, gramu 2 za majani kwa kila mililita 100, maji yaliyotoka kuchemka, dakika 6. Wanataka chombo kisichotia neno lake kwenye chai, na weupe ni kwa ajili ya kuona rangi. Chai iliyopoteza uhai inaonekana kwenye kauri nyeupe kabla hujaionja.

Chombo kinaingilia chai kwa njia tatu: kinakula joto, kinatoa au kufyonza kitu, na ujazo wake unaamua majani yakutane na maji kiasi gani.

Joto ndilo kubwa kuliko yote. Chukua kikombe cha kauri cha gramu 300, kikiwa baridi, umimine mililita 250 za maji ya nyuzi 95. Kikombe peke yake kinayashusha hadi karibu nyuzi 80 kabla majani hayajafunguka. Chai nyeusi hapo inatoka nyembamba, mtu anaongeza dakika, anapata ukakasi, halafu analaumu majani. Suuza kikombe kwa maji ya moto nusu dakika, mwaga, ndipo uweke majani. Hatua hiyo haina gharama na inazidi buli la laki tano lililotumiwa likiwa baridi.

Kijiduara chako ndicho cha kwanza kuondoka. Majani mazima yakilowa yanavimba mara kadhaa. Yakibanwa mle ndani, ya katikati hayaoni maji na ya pembeni yanatoa kila kitu mpaka uchungu. Ukilazimika kukitumia, usijaze zaidi ya theluthi moja.

Nunua hivi: kikombe cheupe cha kauri chenye kifuniko na kikapu cha stenlesi cha wavu mwembamba, kinachoshuka karibu na kitako cha kikombe. Pesa ikibaki, mizani ndogo inayosoma gramu 0.1. Kijiko cha chai cha CTC kinabeba gramu 2 hadi 3, kijiko hichohicho cha majani marefu kinaweza kubeba gramu 1. Ukipima kwa kijiko utakuwa unapata chai tofauti kila siku na kusingizia chombo.

BiKauri

Hamjambo. Neno majivuno tusilitumie ovyo jamani. Pwani hii ilikuwa inavitukuza vyombo vya kauri karne nyingi kabla ya chai kupandwa Limuru mwaka 1903. Makaburi ya minara ya Kunduchi yalipachikwa mabakuli ya Kichina, na zidaka (vishubaka vya ukutani) za nyumba za Lamu zilijengwa ili vyombo vionekane. Kumwekea mgeni kikombe juu ya kisahani, kishikio kikielekea mkono wake wa kulia, ni heshima. Majivuno ni pale unapomdharau mtu kwa sababu amezoea bilauri.

Na huyo anayesema glasi ni ushamba aende Iraki au Kuwait akaone istikana, bilauri zao ndogo za chai, aende Uturuki akaone vile vibilauri vyenye kiuno chembamba. Mataifa mazima ya wanywa chai yananywea glasi kwa sababu wanataka kuona rangi. Kiuno kile kina kazi yake: vidole vinashika ukingo wa juu usio na chai, na chai ya chini inakaa na moto.

Ila glasi ina masharti. Bilauri nene ya kawaida ikimiminiwa maji yanayochemka hupasuka kitakoni, kwa sababu sehemu ya ndani inatanuka wakati ya nje bado baridi. Kadiri kitako kilivyo kinene ndivyo hatari inavyozidi. Ipashe kwanza kwa maji ya uvuguvugu, au tumbukiza kijiko cha chuma na umimine kidogo kidogo juu yake. Glasi ya borosilikati haina shida hiyo.

Mdogo wangu, usitupe kisahani ukikosa kikombe chenye kifuniko. Kigeuze ukifunikie kikombe majani yanapoloweka. Harufu nzuri ya chai ya majani mazima inaondoka na mvuke, na kisahani kinaizuia vizuri kabisa.

Vikombe vya melamini na plastiki acha kwa ajili ya maji ya kunywa. Melamini haifai kwa kinywaji kilichozidi nyuzi 70, na plastiki ikishashika harufu ya tangawizi haiachi.

Zisha120

Nitetee Yixing kidogo, maana inasingiziwa na wapenzi wake na wapinzani wake pia.

Yixing ni mji wa mkoa wa Jiangsu, China, na udongo wake unaitwa zisha. Buli lake halipakwi kioo ndani wala nje, kwa hiyo ukuta wake una vitundu vidogo sana. Vitundu hivyo hufyonza mafuta na harufu ya chai, na kwa miaka vinapunguza makali ya ukakasi. Ndiyo maana buli moja ni la aina moja ya chai. Ukipikia kijani leo na nyeusi kesho, zote mbili zinaharibika. Maziwa usithubutu: yanaingia kwenye vitundu, yanachacha, na hakuna namna ya kuyatoa. Sabuni vilevile.

Wewe una chai tatu tofauti, kwa hiyo Yixing kwako ni kosa kwa sasa. Aliyekushauri alitaja chombo kizuri kwa mtu asiyehusika.

Siku ukifika huko, usiende kwa jina. Chukua la mililita 100 hadi 150. Litie maji, ziba kitundu cha kifuniko kwa kidole, kisha mimina: maji yakikata mara moja, kifuniko kimekaa sawasawa. Yakiendelea kutiririka, liache. Jihadhari na buli la rangi kali mno, nyekundu au jeusi linalong'aa kama limepakwa mafuta. Udongo huo mara nyingi umetiwa rangi. Kabla ya kulitumia, liweke kwenye maji safi ya baridi, yachemshe taratibu dakika 30, liache lipoe humohumo. Likishakauka lihifadhi kifuniko kikiwa wazi, la sivyo linaota ukungu.

Kwa chai zako tatu, gaiwani. Ni kibakuli cha kauri chenye kifuniko na kisahani, mililita 100 hadi 120. Kauri haibaki na kumbukumbu ya chai ya jana. Kwa chai nyeusi weka gramu 4, maji yaliyotoka kuchemka, sekunde 20, mimina yote mpaka tone la mwisho. Rudia na maji mapya ukiongeza sekunde 5 hadi 10 kila mara. Wengi huungua vidole kwa sababu wanajaza mpaka ukingoni. Acha nafasi, maji yaishie chini ya pale kifuniko kinapokalia. Kidole gumba na cha kati vishike ukingo uliotanuka, cha shahada kikandamize kirungu cha kifuniko, kisha mimina bila kusitasita. Ukimimina taratibu mvuke ndio unaokupata.

MajaniMabichi

Asanteni sana wakuu, na BiKauri shikamoo. Gaiwani au kikombe cha kikapu nimeshaelewa. Bado ukijivu wa zambarau na ladha ya msumari. Kingine: kikombe cha bati kimebanduka kidogo ukingoni, bado kinafaa?

Kandirinya

Hayo yote matatu ni mambo ya kemia, kwa hiyo nitayajibu pamoja.

Tanini za chai, yaani vile vitu vinavyoleta ukakasi, zikikutana na chuma kisichofunikwa zinatengeneza kitu cheusi. Wino wa zamani ulitengenezwa kwa njia hiyohiyo, tanini na chumvi ya chuma. Mulika tochi ndani ya buli lako. Vyombo vya chuma vya Kijapani ni vya aina mbili. Tetsubini haina kitu ndani, ni ya kuchemshia maji pekee, majani hayaingii humo. Nyingine ni buli lililopakwa enameli ndani (tabaka gumu la kioo juu ya chuma), la kulowekea chai, na hilo haliwekwi jikoni hata siku moja kwa sababu chuma na enameli havitanuki sawa na enameli inapasuka. Ukiona mng'ao mweusi wenye nyufa au mabaka ya kutu, inaelekea lilipandishwa kwenye moto. Halitengenezeki, na vipande vya enameli vitaendelea kudondoka kwenye chai. Kama ndani ni chuma kitupu, libakize kama birika la maji. Kutu kidogo kwenye tetsubini hutulizwa kwa kuchemshia humo majani ya chai yaliyokwisha kutumika, dakika 20 hadi 30, kisha unamwaga na kulikausha likiwa bado moto.

Kikombe cha bati ni chuma kilichopakwa enameli, kwa hiyo hesabu ni hiyohiyo. Kikibanduka pale mdomo unapogusa, ladha ya chuma unaipata moja kwa moja. Kifanye cha kuchotea sukari.

Chai ya zambarau sasa. Hiyo inatokana na aina ya mchai iliyotolewa na taasisi ya utafiti wa chai ya Kenya mwaka 2011, TRFK 306, na rangi yake ni anthosianini, rangi asilia ya mimea. Rangi hiyo inafuata ukali wa maji: kwenye asidi inakwenda pinki, kwenye maji yenye magadi au chokaa inafifia na kuwa kijivu chenye ubuluu. Jipime mwenyewe. Weka chai kwenye kikombe cheupe, dondosha matone mawili ya limau. Ikigeuka pinki papo hapo, rangi ya majani iko sawa, na wa kushukiwa kwanza ni maji ya kisima kabla ya chombo.

Angalia pia uso wa chai nyeusi baada ya dakika tano. Ukiona utando unaong'aa, na ukiusukuma kwa kijiko unakatika vipande kama mafuta yaliyoganda, hiyo ni chokaa ya maji iliyoshikana na chai. Chemsha maji, yaache yatulie dakika 10, mimina ya juu, ya chini yaliyo na unga mweupe mwaga, kisha ya juu yapashe tena. Inasaidia kwa chokaa. Kwa maji ya chumvi haisaidii, hapo tumia maji mengine.

Sufuria ya alumini haina ubaya kwa kuchemshia maji. Usilaze chai humo, hasa yenye limau.

Juu_Limuru

Niongeze la mwinuko, maana ushauri wa mitandaoni umeandikwa na watu wa usawa wa bahari. Maji hupoteza karibu nyuzi 1 ya kuchemka kwa kila mita 300. Dar yanachemka kwenye 100, Nairobi kama 94, huku juu kama 93. Kwa hiyo ndugu zangu wa Nairobi na Kericho wasiruke hatua ya kupasha chombo kwenye chai nyeusi, hawana joto la ziada la kupoteza.

Kwa kijani na zambarau wewe wa Dar una tatizo la kinyume. Unataka nyuzi kama 80. Huhitaji birika lenye kipimajoto: mimina maji yanayochemka kwenye jagi la baridi, kisha kutoka kwenye jagi uyamimine kwenye kikombe kingine baridi. Kila uhamisho unapunguza karibu nyuzi 10. Gramu 2 kwa mililita 100, dakika 2 hadi 3, toa majani.

Na sufuria usiidharau. Chai ya maziwa ya CTC inataka moto na msukosuko, gaiwani itaiharibu. Vikombe viwili vya maji, tangawizi iliyopondwa ichemke kwanza dakika 5, majani vijiko viwili, mwisho maziwa kikombe kimoja na nusu. Tangawizi mbichi ikitangulizwa kwenye maziwa inayakata, kwa sababu ina kimeng'enya kinachovunja protini, na kuchemka ndiko kunakokiua. Chuja kabla ya kutia kwenye chupa ya chai. Majani yakiingia humo, saa mbili baadaye unakunywa uchungu.

MajaniMabichi

Nimejaribu limau sasa hivi. Imegeuka pinki kabla tone la pili halijaanguka. Basi nanunua gaiwani nyeupe ya mililita 110, kikapu cha stenlesi na mizani. Ndani ya buli la chuma kuna nyufa, linaondoka. Swali la mwisho: madoa ya kahawia kwenye kauri nayaondoaje bila kuikwaruza?

BiKauri

Marahaba. Kijiko cha bikaboneti, matone machache ya maji, sugua kwa kitambaa laini, suuza. Steli wuli usiguse. Inaacha michirizi, na doa la kesho linashika hapohapo. Birika la maji lenye chokaa lina dawa nyingine: siki nusu, maji nusu, chemsha, acha nusu saa, mwaga, kisha chemsha maji matupu mara mbili ili harufu ya siki isiingie kwenye hiyo zambarau yako.