Naomba ushauri: uanagenzi wa kufua katana Japani

Kijana_Fuawe: Wakuu, salaam. Uhunzi wa majembe na visu ninaujua. Nataka kwenda Japani nijifunze kufua katana, yaani panga za Kijapani, kwa fundi. Inachukua muda gani, mshahara upo, na nianze kujiandaa na nini?

Tanuri: Mshahara sahau, mkuu. Jipange kwa akiba ya miaka 5, maana sheria inataka ukae muda huo chini ya fundi mwenye leseni. Tena kuna mafunzo ya mtihani ya siku 8 chini ya Idara ya Utamaduni ya serikali. Ukishindwa, ni hadi mwakani. Na leseni yenyewe ina kikomo: panga ndefu 2 kwa mwezi, au fupi 3. Kijapani ujue kabla hujaondoka. Chuma kikiiva hakuna wa kukutafsiria.

Bi_Mkaa: Utaanza na kukata mkaa wa msonobari, na utaukata sana. Vipande vya kufulia ni kama sentimita 3, vya kupasha upanga kabla ya kuuchovya majini ni vidogo zaidi. Visipolingana, upepo wa mvukuto unapita ovyo, feleji inaiva upande mmoja na tabaka zake zinazokunjwa hazishikani. Vumbi lichekeche, linaziba hewa. Nyundo kubwa inakuja baadaye: fundi anaonyesha kwa nyundo ndogo, wewe unapiga hapo hapo, uso wa nyundo ukitua bapa. Ikitua kwa ukingo inaacha kovu, kovu linakunjwa ndani, na atakayeligundua ni fundi wa kunoa.

Mjomba_Nyundo: Boraksi, ile poda ya kuungia chuma, usibebe. Kipande cha feleji kinaviringishwa kwenye majivu ya mabua ya mpunga, kisha kinamwagiwa uji wa udongo ili hewa isile kaboni. Hata hivyo kila mkunjo unaila kidogo. Ukiunguza, unabaki na chuma laini kisichoshika makali.

Kijana_Fuawe: Feleji yenyewe naweza kununua nijifunzie nyumbani?

Tanuri: Tamahagane, feleji ya katana? Hapana. Inayeyushwa Okuizumo, mkoa wa Shimane, wakati wa baridi, usiku na mchana siku 3: tani 10 hivi za mchanga wa chuma, 12 za mkaa, linatoka bonge la tani 2.5. Wanagawiwa wahunzi wenye leseni.

Bi_Mkaa: Nyumbani jifunze kusoma rangi ya moto gizani. Upanga unapakwa udongo, mnene mgongoni, mwembamba kwenye makali, ndipo unachovywa majini. Joto likizidi, chembe za feleji zinakua na makali yanapasuka. Ufa huo hauzibiki.

Mjomba_Nyundo: Akiba ikikosekana, ulizia karakana za visu vya jikoni kule mji wa Sakai. Visu havidai leseni ya panga, na kazi ni ya ujira.